Waja Leo, Waondoka Leo: Mkataba wa Miaka 25 Uliodumu Minne

Desemba 2019, treni ya abiria iliporudi kwenye reli ya kaskazini baada ya ukimya wa karibu robo karne, mtu wa Tanga mjini aliyetaka kuipanda ilimbidi kwanza apande basi. Treni ilitoka Dar es Salaam, ikafika Ruvu, ikaiacha reli ya kati na kushika njia ya kaskazini mpaka Mnyusi, na pale ikakunja kushoto kwenda Korogwe, Same na Moshi. Ukisimama Mnyusi ukatazama kulia, reli unayoiona inateremka Muheza, Ngomeni, Pongwe, halafu inaingia Tanga hadi bandarini. Hiyo ndiyo kongwe kuliko zote nchini, na ndiyo iliyopewa kisogo.

Sisemi haya kwa kuwaonea kijicho watu wa Moshi. Mimi ni mtoto wa Muheza. Shangazi yangu aliuza machungwa stesheni, na mjomba wangu alikuwa genge la njia, kazi yake nyundo, spana ndefu na kokoto. Honi ikisikika upande wa Ngomeni, akina mama walikuwa wamekwisha kuinua mabeseni kichwani kabla hata moshi haujaonekana. Kwa hiyo barazani wanapozungumza habari za mwendeshaji mpya, kwamba atakuja mtu na treni za kisasa na Tanga itachangamka kama zamani, mimi humkumbuka mwendeshaji mpya tuliyekwisha kumpata mwaka 2007, kampuni ya RITES kutoka India. Kisa chake kina mwanzo na mwisho unaojulikana, na kinaweza kuchambuliwa bila kupiga ramli.

Reli iliyopita mikono mingi

Tanga husifiwa kwa msemo wa waja leo waondoka leo. Kila baraza ina tafsiri yake ya msemo huo. Kwa waendeshaji wa reli yetu hauhitaji tafsiri, ni historia iliyonyooka.

Kampuni ya kwanza ya Wajerumani ilianza kujenga kutoka Tanga mwaka 1893. Ilichukua miaka mitatu kufika Muheza, kilomita 40 tu, na fedha zikaiishia njiani. Mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikaichukua reli. Korogwe ikafikiwa 1902, Mombo 1905. Mwaka huohuo wa 1905, na hapa ndipo nataka msomaji aweke kidole, serikali ikabaki na umiliki lakini ikakodisha uendeshaji kwa kampuni. Maana yake mtindo wa mwenye njia kuwa mmoja na mwendesha treni kuwa mwingine si uvumbuzi wa wataalamu wa ubinafsishaji wa miaka ya 1990. Ulikuwepo Tanga kabla babu zetu hawajajua kulipa nauli.

Moshi ikafikiwa 1911. Novemba 1914 treni hizohizo zikateremsha askari kutoka Moshi kuja kupigana vita vya Tanga dhidi ya Waingereza na majeshi yao kutoka India, na mwaka 1916 Waingereza wakaja tena, safari hii wakakaa. Wao ndio waliofikisha reli Arusha mwaka 1929. Mwaka 1948 ikaingizwa kwenye shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Cha kushangaza ni kwamba miaka yote hiyo Tanga haikuwa na reli ya kwenda Dar es Salaam: njia yetu iliungana na Kenya tu, kupitia Kahe na Voi, kwa kipande kilichojengwa wakati wa vita. Ruvu na Mnyusi ziliunganishwa mwaka 1963, baada ya Uhuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, likazaliwa Shirika la Reli Tanzania, TRC.

Mikono yote hiyo, na vyuma bado vina upana uleule wa mita moja. Ndiyo maana siamini sana habari za nani amekuja. Nauliza kwanza kilichokuwa chini ya magurudumu alipokuja.

Alichokabidhiwa mgeni

TRC iliwekwa kwenye orodha ya mashirika ya kubinafsishwa mwaka 1997. Ikumbukwe hali ya shirika ambalo limeambiwa litauzwa: hakuna anayeagiza kichwa kipya cha treni, hakuna anayebadilisha mataruma, ile mihimili inayobeba vyuma vya reli, kwa moyo, kijana mwenye ujuzi anatafuta kazi kwingine. Shirika letu lilikaa katika hali hiyo miaka kumi. Kwa kipimo changu, miaka hiyo ya kungoja iliharibu mengi kuliko hata miaka ya mgeni mwenyewe, lakini husahaulika kwa sababu haina sura ya mtu wa kumlaumu.

Septemba 2007 mkataba ukasainiwa na Oktoba kazi ikaanza. Kampuni mpya ikaitwa TRL. RITES ya India ilikuwa na hisa 51, serikali yetu 49 katika kila mia. Muda ni miaka 25. Eneo ni mtandao wote wa geji ya mita, yaani wa vyuma vilivyoachana mita moja, kilomita zipatazo 2,700, yaani reli ya kati na matawi yake pamoja na hii yetu. TAZARA haikuhusika, ile ni reli nyingine yenye upana mwingine.

RITES ni kampuni ya serikali ya India, iliyoanzishwa 1974, na sifa yake kubwa ni ushauri wa kihandisi: kupima njia, kuchora, kusimamia miradi, kupeleka nje vichwa na mabehewa. India ina uzoefu mkubwa wa reli, hilo halina ubishi. Ila shirika linaloendesha treni za India kila siku ni jingine. Kumpa mshauri kazi ya kuendesha reli ya taifa ni kama kumkabidhi mchora ramani jiko la hoteli. Anaweza kulijua jiko kuliko mpishi, lakini saa saba mchana wateja wakijaa itaonekana.

Kulikuwa na jambo jingine lililofanya India ionekane chaguo la kawaida. Tangu 1992 nchi ile ilikuwa ikibadilisha reli zake za mita kuwa za geji pana, kwa hiyo vichwa na mabehewa ya mita moja yalibaki bila njia ya kupita. Kwetu njia ya mita ipo, vifaa hakuna. Ndoa ilionekana imepangwa na Mungu. TRL ikaleta vichwa na mabehewa ya kukodi kutoka India, na hapo ndipo ugomvi mmoja mkubwa ulipoanzia: mwenye hisa nyingi katika kampuni ndiye pia aliyekuwa upande wa anayekodisha vifaa kwa kampuni. Hata kama kila senti ya ukodi ilikuwa halali, mbia mwenzake lazima atauliza bei ilipangwa na nani.

Upande wa pili nao ulikuwa na kasoro, na wachambuzi wetu wengi huuruka. Serikali ilikuwa mbia mwenye asilimia 49. Serikali hiyohiyo ilimiliki njia, stesheni na ardhi kupitia kampuni nyingine, RAHCO. Na msimamizi wa nauli na usalama, SUMATRA, naye alikuwa chombo cha serikali. Mtu mmoja amekaa viti vitatu. Mgeni akisema njia mbovu, anamlalamikia mbia wake. Akitaka kupandisha nauli, anamwomba mbia wake. Akiambiwa halipi inavyopasa, anayemwambia ni mbia wake.

Kilichotokea

Ugomvi wa mishahara ulianza mapema. Wafanyakazi waligoma, na serikali ikalazimika kuingiza mkono mfukoni ili watu walipwe. Safari za abiria zikapungua. Mizigo, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilizidi tani milioni moja kwa mwaka, ikaendelea kuporomoka mpaka, kufika 2012, ikawa chini ya tani laki tatu. Mwishoni mwa Desemba 2009 mafuriko yakaing'oa reli ya kati upande wa Kilosa, na kwa miezi kadhaa mshipa mkuu wa biashara ya kampuni ukawa umekatika. Mwaka 2011 serikali ikachukua hisa zote. Miaka 25 ikawa imekwisha ndani ya minne.

Majirani zetu hawakuwa na la kutucheka. Kenya na Uganda walikabidhi reli yao kwa Rift Valley Railways mwishoni mwa 2006, nao kwa miaka 25, nao wakaachana njiani, mwaka 2017.

Reli ya Tanga ilikuwa wapi katika masimulizi haya? Haikuwa popote, na hilo ndilo jibu. Kampuni ilihitaji fedha upesi, na fedha ya upesi iko reli ya kati: mzigo wa Mwanza, Kigoma, Burundi, Rwanda na Kongo. Sisi tulikuwa kilomita zilizohesabiwa kwenye mkataba ili jumla ionekane kubwa. Majani yakaota katikati ya vyuma. Kwenye vipande vingine wezi wa chuma chakavu walijisaidia.

Taruma moja

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo kisa kilipo.

Mwaka juzi nilikwenda kumsalimia mjomba Muheza. Nikamwuliza swali la kizembe, kwamba wale Wahindi walishindwa nini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Unauliza wameshindwa nini? Uliza walikuta nini. Taruma likilegea, utaona treni inapita. Yakilegea kumi, inapita. Siku ya siku haipiti."

Yeye alieleza kwa mikono, mimi nitaeleza kwa hesabu. Njia ya reli ikichakaa haifungwi siku hiyohiyo. Kwanza mhandisi anaweka kibao: hapa punguza mwendo. Baada ya mwezi kibao cha pili, kilomita tano mbele. Treni iliyokuwa ikienda kwa mwendo wa baiskeli iliyonyooka, na Tanga tunajua baiskeli, sasa inakwenda kwa mwendo wa baiskeli yenye mzigo wa nazi. Chukulia behewa moja la mizigo. Likipakiwa, likafika, likashushwa na kurudi ndani ya siku 10, kwa mwaka linafanya safari 36. Likichukua siku 25, linafanya 14. Behewa ni lilelile, mkopo wake ni uleule, dereva analipwa vilevile, lakini kipato kimepungua kwa zaidi ya nusu. Hata ukikodi mabehewa mengine mia, unachofanya ni kuongeza foleni kwenye njia mbovu. Na mwenye mzigo hangoji: lori linapita Segera hadi Dar usiku mmoja.

Kipato kikishuka, cha kwanza kukatwa ni matengenezo ya njia, kwa sababu taruma halina chama cha wafanyakazi na haliandamani. Mshahara ukichelewa kuna mgomo kesho. Kokoto zikichelewa kuna ajali mwakani, pengine. Meneja yeyote mwenye deni la leo atachagua kuchelewesha kokoto. Mgeni alifanya hivyo, lakini na wenyeji kabla yake walifanya hivyo.

Kosa la mkataba wa 2007, kwa maoni yangu, ni kumfungia mgeni vyote kwenye furushi moja: kuendesha treni, kutunza njia aliyoikuta hoi, kuleta vifaa, kubeba wafanyakazi wote, na kulipa ada juu yake. Furushi likimponyoka, vyote vinaanguka pamoja. Hakuna kipande kilichoweza kubaki kimesimama mwenyewe.

Wale waliotujengea

Wajerumani, ambao mababu zao walikodisha reli ya Tanga mwaka 1905, wamekuwa na mabadiliko ya waendeshaji kila kukicha tangu 1996. Mwaka huo treni zao za mikoa zilikabidhiwa serikali za majimbo. Jimbo linaamua: nataka treni ngapi, saa ngapi, zisimame wapi, ziwe na choo na nafasi ya baiskeli. Linatangaza zabuni. Anayeshinda analipwa kwa kilomita alizoendesha na anakatwa akichelewa. Mkataba ukiisha, zabuni upya. Njia yenyewe haimo kwenye zabuni hiyo. Mwendeshaji analipia kupita, kama lori linavyolipia daraja.

Kuna mfano mmoja unaofaa kuwekwa kando ya wetu. Magharibi mwa nchi hiyo, eneo la Rhein-Ruhr, zilinunuliwa treni 82 za Siemens kwa ajili ya mtandao wa treni za haraka za mkoa. Zilinunuliwa na mamlaka za usafiri za umma, si na waendeshaji. Siemens yenyewe ikabanwa kuzitunza kwa miaka 32 kwenye karakana yake Dortmund. Waendeshaji wakaja mikono mitupu, wakapewa treni waziendeshe. Mmoja wao aliitwa Abellio, mtoto wa shirika la reli la Uholanzi. Gharama za wafanyakazi zikapanda, ukarabati wa njia ukawa unachelewesha treni zake na yeye anakatwa fedha, mikataba ikawa haimlipi. Juni 2021 akaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Tarehe 31 Januari 2022 akaondoka katika jimbo hilo. Tarehe 1 Februari wengine wakashika usukani.

Kilichobadilika ni sare za wafanyakazi na jina ubavuni. Treni ni zilezile, karakana ileile, ratiba kwa sehemu kubwa ileile. Sisemi abiria hawakusumbuka. Kubadilisha mwendeshaji kuna adha yake, hasa madereva, maana dereva wa treni lazima aisomee njia, kila mteremko na kila taa, na wakipungua hakuna wa kuazima kwa jirani. Lakini mwendeshaji alianguka na mtandao ukabaki wima.

Najua jibu la barazani: wale wana fedha. Ni kweli. Serikali yao kuu inayapa majimbo zaidi ya euro bilioni 10 kila mwaka kwa ajili ya usafiri huo, na bado wananung'unika. Treni ya abiria ya mikoani hailipi gharama zake Ujerumani na haitazilipa Korogwe. Lakini kutenganisha njia, vifaa na uendeshaji hakuhitaji euro. Kunahitaji karani mwenye kalamu nzuri siku ya kuandika mkataba.

Baada ya mgeni

Kilichofuata 2011 kinapendeza kwa sababu hakikuwa na mbwembwe. Oktoba 2012 TRL, sasa mali ya serikali yote, ilianza treni ya mjini Dar es Salaam kati ya Ubungo na Stesheni, ile watu waliyoibatiza jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, treni ya Mwakyembe. Ilianzishwa kwa mabehewa yaliyokarabatiwa nyumbani, nayo ikajaa asubuhi ya kwanza. Mwaka 2017 Bunge likapitisha Sheria ya Reli iliyounganisha TRL na RAHCO, TRC ikazaliwa mara ya pili: mwenye njia na mwenye treni wakarudi nyumba moja. Mtu anaweza kusema huko ni kurudi nyuma, na kwa hoja yangu ya Wajerumani ningepaswa kusema hivyo. Ila matokeo yalikuwa kwamba malumbano ya nani atanunua kokoto yalikwisha. Shirika likawatuma mafundi wake lenyewe kufyeka, kunyoosha na kubadilisha mataruma ya reli ya kaskazini. Mwaka 2019 mizigo ikaanza kupita, Desemba abiria wa Moshi, na Oktoba 2020 Arusha.

Mjomba wangu, ambaye hasifu kitu bila sababu, alisema tu kwamba waliofanya kazi ile "wanajua kushindilia." Kwa fundi wa genge hiyo ni shahada.

Usasa wenyewe umekwenda kwingine. Tangu 2024 treni za umeme za geji ya kimataifa, milimita 1,435, zinakimbia Dar, Morogoro na Dodoma kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Reli kama hiyo ya kutoka Tanga kwenda Arusha na Musoma imekuwa ikitajwa kwa miaka. Mimi sitaisubiri nikiwa nimesimama.

Akija wa Tanga

Mlango wa waendeshaji binafsi kupitisha treni zao kwenye njia ya shirika kwa kulipa ada umefunguliwa, na Tanga sasa ina cha kuwavutia. Bandari iliyokuwa na kina cha mita 3 gatini, meli zikitia nanga mbali na mzigo kuletwa kwa matishari, imechimbwa kufikia mita 13, ikapewa magati mawili yenye urefu wa mita 450, kwa shilingi bilioni 429. Saruji inatoka Pongwe kandokando ya reli. Mwenye kichwa na mabehewa arobaini anaweza kuona hesabu yake inafunga.

Lakini ni hesabu ya mizigo. Tusidanganyane. Kutoka Tanga hadi Korogwe ni kilomita 84 kwa reli. Treni yenye wastani wa kilomita 40 kwa saa, vituo vikiwemo, itatumia saa mbili na kitu, na basi la stendi ya Kange halitaogopa. Treni itashinda kwa bei, na kwa mkulima wa Ngomeni mwenye magunia sita ya machungwa ambaye kondakta wa basi anamtazama kama mkosaji. Abiria hao ni wengi, lakini nauli yao haitanunua kokoto. Kwa hiyo kama mji unataka treni ya abiria ya Tanga, Muheza na Korogwe, asubuhi kushuka na jioni kupanda, ni lazima iandikwe kwenye ada ya mizigo: wewe unayechukua faida ya bandari yetu, sehemu ya ada yako inatunza njia, na sehemu inalipia safari mbili za watu. Iandikwe idadi ya safari na saa. Neno "kuboresha huduma" lisiwemo kabisa, maana halina uzito wowote mbele ya hakimu.

Mabehewa ya abiria yawe ya shirika au ya halmashauri, yasiwe ya mwendeshaji wala ya kukodi kwa ndugu yake. Hali ya njia ipimwe kabla ya kusaini, kilomita kwa kilomita, pande zote mbili zikiwepo, ili miaka mitatu baadaye pasiwe na ubishi alikuta nini. Laiti kungekuwa na kitabu kama hicho Oktoba 2007, nusu ya ugomvi wa TRL ungemalizwa kwa kufungua ukurasa. Na tawi letu liwe na mkataba wake, lisifungwe mkia wa reli ya kati, kwa sababu tumekwisha kuona mkia unavyotendewa siku fedha zikipungua.

Kuhusu rangi ya mabehewa, viti na intaneti ndani ya treni, sina neno. Vizuri vikiwepo.

Nilipoondoka kwa mjomba siku ile nilipitia stesheni ya Muheza. Kulikuwa na akina mama wanne chini ya mti na machungwa yao, wakisubiri magari ya barabarani. Honi ikalia upande wa Ngomeni. Treni ya saruji ikaja polepole, mabehewa yamefunikwa vumbi jeupe, ikapita mbele yetu bila kupunguza mwendo, ikaelekea Mnyusi. Hakuna aliyeinua beseni.